Kuvua nguru kwa mshipi: waya, ndoana ya mkiani na mwendo wa chombo

Nguru anayepotea mara nyingi hupotea mahali pamoja, katika mita moja ya mwisho ya mshipi. Meno yake ni bapa, yenye umbo la pembetatu, yamepangwa kama msumeno, na nailoni ya unene wowote anayoigusa huku inavutwa haidumu. Jambo la pili linalomponza mvuvi ni namna nguru anavyokula. Hamezi chambo kizima kwa mkupuo. Huja kwa kasi kutoka nyuma, hukata mkia, kisha hugeuka kuokota kilichobaki. Mwenye ndoana moja kichwani mwa chambo atarudisha kichwa kitupu siku nzima na kusema samaki hawali, kumbe wanakula vizuri sana.

Kwa hiyo maelezo haya yanakaa zaidi kwenye waya, ndoana mbili na namna ya kukifunga chambo kiende sawa majini. Fimbo ya bei kubwa na boti yenye mashine mbili ni vizuri kuwa navyo, lakini nguru haoni kilicho juu ya maji.

Anayezungumzwa hapa ni nguru mwenye mistari myembamba ya kusimama ubavuni, Scomberomorus commerson. Mistari hiyo hujikunja kidogo, na kwa samaki mkubwa hupita 40. Alama ya uhakika ni mstari wa ubavu: ukiufuata kutoka kichwani utaona unashuka ghafla chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni. Kanadi, ndugu yake mdogo, ana mistari na madoa yaliyolala kuelekea mkiani. Wahoo ana mdomo mrefu uliochongoka, na mstari wake wa ubavu hushuka mapema zaidi, katikati ya pezi la kwanza. Zana zinazofuata zinawafaa wote watatu. Nguru wanaoonekana sokoni kila siku ni wa kilo 3 hadi 12. Wa kilo 20 na zaidi wapo, na rekodi ya dunia ya kuvua kwa fimbo ni samaki wa kilo 44.9 aliyepatikana Scottburgh, Afrika Kusini, mwaka 1982. Funga zana zako kwa ajili ya samaki wa kilo 15, na wa kilo 25 akija utakuwa na nafasi ya haki ya kumpata.

Mahali na wakati

Nguru hafuati mwamba kwa kuupenda mwamba. Anafuata samaki wadogo, yaani vibua, simsim, dagaa na chuchunge, na hawa hukusanyika pale mkondo unapogonga ukingo. Tafuta mahali ambapo kina kinabadilika ghafla: ukingo wa nje wa mwamba unaoshuka kutoka pima 5 hadi pima 20 au 30 (pima moja ni kama mita 1.8), mdomo wa mlango kati ya visiwa, ncha ya fungu linalozama, rasi inayochomoza kwenye mkondo. Ndiyo sababu Mkondo wa Pemba, maji ya nje ya Shimoni na Watamu, Ras Nungwi, kingo za Mafia na Fungu Kizimkazi kusini mashariki mwa Dar es Salaam vinajulikana kwa nguru na samaki wengine wa mbio.

Mahali pengine pazuri ni pale maji ya rangi mbili yanapokutana. Nje ya delta ya Rufiji au mdomo wa Sabaki utaona mstari kati ya maji ya udongo na maji ya buluu. Pita upande wa maji safi, sambamba na mstari, usiukate katikati. Kuliko jodari, nguru huvumilia zaidi maji yenye ukungu kidogo, lakini hawezi kuwinda asipoona.

Ndege aina ya membe wakiwa wanazunguka juu na kushuka kwa zamu, samaki wako chini lakini wamesambaa. Wakiwa wanajitupa mfululizo mahali pamoja, dagaa wamebanwa juu ya maji. Hapo kosa kubwa ni kuendesha chombo katikati ya kundi. Dagaa huzama, wanaowinda hutawanyika, na utasubiri nusu saa wajirudie. Zunguka kwa nje, uache chambo ndicho kipite ukingoni mwa kundi.

Saa bora ni alfajiri, tangu mwanga wa kwanza hadi kama saa tatu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Jua likiwa kali nguru hushuka, na chambo kinachopita juu hakimfikii. Kuhusu maji, yanayokwenda ni bora kuliko yaliyosimama. Saa ya kwanza na ya pili baada ya maji kugeuka, iwe kujaa au kupwa, ndizo za kuwa juu ya ukingo wenyewe. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likiwa kali sana kwenye milango myembamba, mkondo huwa na nguvu kiasi kwamba chambo hakitembei sawa, hivyo siku mbili tatu kabla au baada ya kilele ni rahisi zaidi kufanya kazi.

Upepo wa kusi ukiwa na nguvu, Juni na Julai, kingo za nje si mahali pa ngalawa. Unapolegea na matlai, upepo mwepesi wa mashariki, kuingia, kuanzia Septemba, hata chombo kidogo kinaweza kufika nje na kurudi kwa salama. Sikiliza utabiri wa bahari wa mamlaka ya hali ya hewa kabla ya kutoka, si baada ya kufika.

Mshipi

Kwa mshipi wa mkono wa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, tumia nailoni ya milimita 1.0 hadi 1.2, yenye kubeba kilo 45 hadi 60. Si kwamba nguru ana uzito huo. Uzi mnene unashikika mkononi na haukati ngozi haraka. Zungusha mita 100 kwenye kibao. Pale unapofunga mshipi kwenye chombo, weka kipande cha tyubu ya baiskeli cha nusu mita: funga ncha moja ya mpira kwenye chombo, nyingine kwenye mshipi, na uache mshipi wenyewe umelegea mita moja sambamba na mpira kabla ya kuufunga pale pale. Samaki akigonga, mpira hunyooka na kupunguza kishindo. Bila mpira, pigo la kwanza huchana mdomo wa samaki au hunyoosha ndoana. Mpira ukikatika, mshipi bado umefungwa.

Kwa fimbo na rili, uzi wa kilo 12 hadi 15, wa milimita 0.45 hadi 0.50, unatosha, na rili ibebe mita 300. Mbio za kwanza za nguru mkubwa hupita mita 100 bila kusita. Breki ya rili usiikadirie kwa mkono. Funga ncha ya uzi kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, kunja fimbo kama unavyopigana na samaki, na urekebishe mpaka uzi uanze kutoka mizani ikisoma robo ya uwezo wa uzi: kwa uzi wa kilo 15 ni chini kidogo ya kilo 4. Kumbuka kwamba uzi ukipungua kwenye rili breki huzidi kuwa ngumu yenyewe. Samaki akiwa mbali, legeza kidogo, usikaze. Kukaza pale ndiko kunakokata.

Kati ya uzi na waya weka swiveli, kiungo kinachozunguka ili uzi usijisokote, iliyo ndogo na nyeusi. Ya kung'aa au kubwa ina madhara ya kweli, kwa sababu huvuta povu na kumeta, na nguru wa pili katika kundi huigonga akidhani ni dagaa, akakata uzi juu ya waya. Ukiona uzi umekatika safi sentimita chache juu ya swiveli na huna maelezo, ndiyo hayo.

Waya

Waya wa uzi mmoja wa chuma kisichoshika kutu ndio bora. Kwa fimbo tumia wa milimita 0.40 hadi 0.45, kwa mshipi wa mkono 0.50 hadi 0.60. Waya wa nyuzi nyingi uliovikwa plastiki ni laini na unafungika kwa urahisi, lakini nguru mmoja tu akiutafuna plastiki huchanika, nyuzi huanza kukatika mojamoja, na maji ya chumvi hukaa ndani. Ukiutumia, uutupe baada ya samaki mmoja au wawili. Nyuzi za waya wa breki ya baiskeli zinaweza kukuokoa siku moja, lakini hushika kutu usiku huohuo.

Urefu uwe sentimita 50 hadi 80 kwa chambo cha samaki, na 30 hadi 40 kwa chambo bandia, maana waya mrefu hukigandamiza kisicheze. Katika maji ya buluu yaliyo wazi na jua limeshapanda, waya mfupi na mwembamba huleta samaki wengi zaidi. Alfajiri unene haukusumbui.

Kufunga waya kwenye ndoana ni kusuka, si kupiga fundo. Pitisha waya kwenye tundu la ndoana na urudishe mkia wake kama sentimita 10, ili waya na mkia vifanye umbo la V lililo wazi, lenye pembe ya zaidi ya digrii 60. Bana kitanzi kwa koleo. Sasa sokota vyote viwili kwa pamoja, waya uuzunguke mkia na mkia uuzunguke waya, mizunguko 6 au 7. Angalia kwa karibu: ukiona waya mkuu umenyooka na mkia peke yake ndio unaouzunguka, umekosea, na samaki mzito ataufungua taratibu kama anavyotaka. Mizunguko iliyo sawa inaonekana kama kamba iliyosukwa, pande zote zikiwa na mwinamo uleule. Baada ya hapo inua mkia usimame wima dhidi ya waya na uuzungushe mara 5 au 6 kwa kubananisha, kila mzunguko ukigusa mwenzake. Hii ndiyo kufuli.

Mkia uliobaki usiukate kwa koleo. Ukunje nusu yake upate mkono kama wa kishikio, kisha uuzungushe mbele na nyuma mpaka ukatike wenyewe pale penye mzunguko wa mwisho. Hukatika laini, bila ncha. Ukikatwa kwa koleo huacha kijisindano ambacho kitachana kiganja cha atakayeushika waya samaki akiwa ubavuni, na damu na waya wenye samaki hai havipatani.

Waya uliopiga kona, hata kona moja ndogo, hautengenezeki. Ukiunyoosha kwa koleo utaonekana mzuri na utakatika palepale. Utupe.

Ndoana mbili

Ndoana ya mbele iwe 6/0 au 7/0, yenye mti (sehemu iliyonyooka) mrefu kiasi. Ukinunua kwa namba za kawaida zisizo na sifuri, namba ikiongezeka ndoana inapungua. Kwa zile zenye /0 ni kinyume. Wauzaji huchanganya, basi pima kwa jicho: uwazi kati ya ncha na mti uwe kama upana wa kidole gumba. Ya nyuma iwe moja ya 5/0 au ya meno matatu yenye chuma kinene. Ya meno matatu hushika samaki wengi zaidi, lakini huumiza mikono zaidi pia. Kwenye ngalawa yenye watu wanne na nafasi finyu, moja ya 5/0 ni uamuzi wa busara.

Laza chambo juu ya ubao na upime. Ndoana ya mbele inakaa kidevuni. Ya nyuma inatakiwa iwe vidole vitatu mbele ya pezi la mkia. Kwa kibua wa sentimita 25, waya wa kuunganisha ndoana mbili utakuwa takriban sentimita 10 hadi 12. Usuke kwenye tundu la ndoana ya mbele, si kwenye mti wake. Kisha ongeza sentimita moja ya ulegevu. Chambo kinapinda kikitembea, na waya uliokazwa huvuta mkia na kukifanya kizunguke kama parafujo.

Nunua ndoana nzuri na bado uzinoe. Buruta ncha juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, ni butu, ikikwama, inafaa. Piga tupa laini mara tatu nne kila upande kuelekea nchani. Mdomo wa nguru una mifupa migumu pembeni, na chombo kinachokwenda taratibu hakina nguvu ya kusukuma ndoana butu.

Chambo cha samaki

Chuchunge, kibua, simsim mkubwa na mkizi mdogo vyote vinafaa, vya sentimita 18 hadi 28. Chambo kiwe kigumu na cha kung'aa, macho safi. Kilicholainika tumboni kitapasuka ndani ya dakika kumi za kukokotwa. Usiku uliotangulia, kiweke kwenye ndoo ya lita 10 za maji ya bahari yenye kilo moja ya chumvi ya mawe na barafu juu. Asubuhi nyama itakuwa imekaza na magamba hayatoki hovyo.

Kufunga:

1. Minya tumbo kuelekea nyuma mpaka uchafu utoke. Kwa chuchunge, vunja mdomo mrefu ubakize kama sentimita mbili.
2. Kunja mwili kushoto na kulia mara kadhaa, polepole, ukisikia uti wa mgongo unalegea. Chambo chenye mgongo mgumu hakiogelei, kinaburutwa.
3. Weka chubwi (risasi ya kuzamisha) ndogo ya gramu 10 hadi 20 chini ya kidevu, kwenye tundu la ndoana ya mbele. Hii ndiyo inayokiweka tumbo chini.
4. Ingiza ndoana ya mbele kutoka chini ya kidevu itokee juu ya kichwa, katikati kabisa, mbele kidogo ya macho.
5. Funga mdomo kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko 5 au 6, ukishika pamoja na tundu la ndoana. Mdomo ukibaki wazi maji huingia na chambo huzunguka.
6. Chomeka ndoana ya nyuma ubavuni, juujuu ya ngozi, ncha ikiwa wazi.

Kabla ya kuachia mshipi, kokota chambo ubavuni mwa chombo kwa mwendo utakaotumia na kitazame. Kinatakiwa kiende wima na mkia ukicheza kidogo. Kikizunguka hata mara moja moja, kirudishe. Sababu huwa ni moja kati ya hizi: ndoana ya mbele haikupita katikati, waya wa nyuma umekaza, mdomo uko wazi, au mwendo umezidi. Wengi huona uvivu kukirudisha. Chambo kinachozunguka hakimpati nguru na hukupa mshipi uliojisokota wote.

Ukikosa samaki wadogo, kata ukanda wa tumbo la sehewa: sentimita 20 hadi 25 urefu, 4 upana, ukipungua kuelekea mkiani, nyama ikiwa nyembamba kama nusu sentimita. Chonga kingo zote kwa mshazari ili maji yateleze.

Kibua hai ni chambo chenye nguvu kuliko vyote pale nguru wanapoonekana lakini hawagusi. Mvue kwa mshipi wa ndoana ndogondogo, umhifadhi kwenye pipa unalolibadilisha maji kila baada ya dakika chache, na usijaze: vibua kumi kwenye pipa la lita 200 wanatosha. Ndoana ya mbele, ndogo zaidi, 3/0 au 4/0, ipite puani. Ya nyuma ishike ngozi tu karibu na pezi la mgongoni. Chombo kielee au kiende noti 1 hadi 2 (kama kilomita 2 hadi 4 kwa saa), si zaidi, la sivyo kibua atazama na kufa.

Chambo bandia na chuma

Samaki wa plastiki au mbao mwenye ulimi wa kuzamia, wa sentimita 14 hadi 18, ndiye wa kuanzia. Rangi zinazotumika sana ni kichwa chekundu na mwili mweupe, buluu na fedha, na zambarau iliyokolea kwa alfajiri. Badilisha pete na ndoana zinazokuja naye kama ni nyembamba. Akikimbia kushoto au kulia, pinda kidogo tundu la kufungia kuelekea upande wa pili, upana wa unywele tu, ujaribu tena. Vijiko vya chuma vya kung'aa navyo hufanya kazi na ni rahisi.

Jua likipanda na samaki wakashuka, simamisha chombo juu ya ukingo, shusha chuma cha gramu 80 hadi 150 mpaka karibu na chini na ukipandishe kwa kasi uwezayo. Waya wa sentimita 30 unatosha. Wengi hugonga chuma kikishuka, kwa hiyo uzi ukilegea kabla ya wakati wake, kaza mara moja.

Mwendo na mpangilio

Mwendo hutegemea chambo. Chambo cha samaki kinataka noti 3 hadi 5, yaani kilomita 5.5 hadi 9 kwa saa. Cha plastiki chenye ulimi, noti 5 hadi 7, yaani kilomita 9 hadi 13. Simu yenye ramani husoma mwendo. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji na uitazame, kwa sababu macho hudanganya pale upepo na mkondo vinapopingana. Kinachomhusu chambo, hata hivyo, ni mwendo ndani ya maji, si juu ya ardhi. Ukienda dhidi ya mkondo wa noti 2 na simu inasoma noti 3, chambo kinakwenda kama noti 5.

Kwa boti ya mashine, mishipi minne inatosha: miwili ya karibu, mita 20 na 25, na miwili ya mbali, mita 40 na 50. Ya mbali ipite juu, ya karibu izame, ili wakati wa kugeuka isikutane. Kwa ngalawa au mashua ya tanga, mishipi miwili, mmoja kila upande. Kuzamisha chambo, funga chubwi ya gramu 250 hadi 500 mita 8 hadi 10 mbele yake, kamwe si karibu na waya.

Fuata ukingo kwa mwendo wa nyoka. Kila kona inakupa habari: chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, cha nje huongeza. Nguru akigonga cha ndani mara mbili, punguza mwendo au zamisha zaidi. Akigonga cha nje, ongeza. Ukipata samaki, weka alama na urudi palepale kwa mwelekeo uleule. Nguru wa kilo 4 na 5 hutembea kwa makundi.

Akishika

Usizime mashine papo hapo. Endelea na mwendo sekunde tano hadi kumi, ndoana ikazame na mwenzake apate muda wa kugonga mshipi wa pili. Kisha punguza, lakini chombo kiendelee kusogea taratibu, maana nguru hugeuka ghafla na kukimbilia chombo. Mshipi ukilegea, wengi husema "amekwenda" na kuacha kuvuta, na hapo ndipo ndoana inapochomoka. Vuta haraka mpaka usikie uzito tena, au uone chambo kitupu.

Kwa mshipi wa mkono, vuta kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, mshipi ukidondoka ndani ya kapu au mahali palipo wazi, mbali na miguu. Usijizungushie mshipi mkononi hata mara moja. Vipande vya tyubu vilivyovaliwa vidoleni huokoa ngozi. Kwa fimbo, vuta kwa mkazo ulio sawa, bila kunyanyua kwa vishindo, kwa sababu ndoana ya nyuma mara nyingi imeshika ngozi tu ya shavu.

Samaki akifika ubavuni hufanya mbio za mwisho. Mwache aende. Akirudi, mmoja ashike waya kwa glavu, mwingine apige kulabu nyuma ya kichwa, kutoka upande wa mgongo, kulabu isipite mbele ya waya. Mnyanyue kwa mkupuo mmoja na umpige rungu kati ya macho kabla ya kugusa ndoana. Ndoana ya meno matatu itolewe kwa koleo tu. Nguru aliyeonekana kufa akifunga mdomo hukata kidole.

Ukirudisha chambo kilichokatwa, kisome. Kimekatwa safi nyuma ya ndoana ya pili: ndoana hiyo iko mbele mno, irefushe waya kwa sentimita mbili. Kina mikwaruzo tu ubavuni bila kukatika: mwendo haumridhishi au kinazunguka. Kimebaki nusu yenye mng'ato wa mviringo mpana: ni papa, badilisha mahali.

Damu, barafu na sheria

Kata matamvua pande zote mbili mara tu samaki akishatulia, mtumbukize kichwa kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa dakika tano hadi kumi, kisha mtoe matumbo na umlaze kwenye barafu iliyopondwa. Kadiria kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kwenye joto la pwani pungufu ya hapo haifiki jioni. Hili si la ubora wa soko peke yake. Nyama ya nguru na jodari ikikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu inayowasha mwili, kuumiza kichwa na kutapisha, na kupika hakuiondoi. Samaki aliyelala juani saa kadhaa hatibiwi kwa limau wala kwa kukaanga.

Kuhusu ukubwa, nguru huanza kuzaa akiwa na urefu wa takriban sentimita 65 hadi 85. Wadogo kuliko hapo warudishe wakiwa hai, na shirika la uhifadhi la IUCN tayari limemweka nguru kwenye kundi la wanaokaribia hatari. Leseni ya uvuvi inahitajika Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, na hifadhi kama Kisite, Watamu, Malindi, Mbudya na Bongoyo zina mipaka yake. Uliza BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) au ofisi ya uvuvi ya hapo kabla ya kushusha mshipi. Kwa walioko Oman, kuvua nguru hufungwa kila mwaka kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba.

Ukifika nyumbani, osha rili, swiveli na waya kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukinyunyiza bila kuelekeza maji ya nguvu ndani ya rili. Kata mita mbili za mwisho za nailoni, utupe, ufunge upya. Pitisha vidole kwenye mita kumi zinazofuata ukitafuta mkwaruzo, na ndoana zilizonolewa zipakwe mafuta kidogo kabla ya kurudishwa kisandukuni.